Ellington na Basie: Kila Mmoja Aliuweka Wapi Muziki Wake?

Tarehe 6 Julai 1961, Duke Ellington na Count Basie walikutana katika studio ya kampuni ya Columbia jijini New York, kila mmoja na bendi yake nzima. Walikuwa wanamuziki takriban thelathini, na santuri waliyorekodi iliitwa First Time! Mafundi walitumia stirio, ambayo wakati ule ilikuwa bado ngeni majumbani, wakaipa kila bendi spika yake. Anayeisikiliza akitarajia mpambano hataupata. Atawasikia mabwana wawili wa kazi moja wakipishana kwa heshima, na tofauti yao ikijitokeza kila mmoja anapopewa nafasi. Upande mmoja kuna sauti zenye rangi nzito zinazogeuka kila baada ya muda mfupi. Upande wa pili kuna mapigo yaliyotulia, yasiyobadilika na wala yasiyochosha.

Mashabiki wa jazi wamezoea kuwagawa kwa kauli moja: Ellington ndiye mtunzi, Basie ndiye bwana wa mapigo. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini haitufikishi mbali. Lenye manufaa zaidi ni kuuliza kila mmoja aliuweka wapi muziki wake. Ellington aliuweka katika watu, yaani katika midomo na mapafu ya wapigaji aliowajua kwa majina, kwa tabia na kwa udhaifu wao. Basie aliuweka katika namna ya kupiga kwa pamoja, namna ambayo mpigaji akijiunga na bendi anaikuta na akiondoka anaiacha. Naamini mengi yaliyowapata baadaye, tangu fedha hadi urithi, yalitokana na hapo.

Msomaji aliyekulia kwenye majina kama Dar es Salaam Jazz au Morogoro Jazz anaijua jazi kama dansi la magitaa. Muziki ule ulitoka katika njia nyingine, ukiwa na deni kubwa kwa Cuba na Kongo, lakini kwa jambo moja msomaji huyo hajapotea. Ellington na Basie wote walikuwa viongozi wa bendi za dansi. Kwa miongo mingi riziki yao ilitegemea watu kulipa kiingilio, kuinuka vitini na kucheza hadi usiku wa manane. Ukumbi wa matamasha, ambako watu huketi kimya na kupiga makofi mwishoni, ulikuja baadaye.

Edward Kennedy Ellington alizaliwa Washington mwaka 1899, katika familia ya Wamarekani weusi iliyojali sana heshima na usafi wa mavazi. Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba za wakubwa. Mwaka 1923 kijana huyo alihamia New York, na mnamo Desemba 1927 bendi yake ilipata kazi ya kudumu Cotton Club, klabu ya Harlem ambako wasanii walikuwa weusi na wateja walikuwa weupe. Ubaguzi huo ulikuwa aibu. Lakini Ellington alipata pale vitu viwili ambavyo viongozi wengi wa bendi hawakuvipata: matangazo ya redio yaliyofika kote nchini, na maonyesho yaliyodai muziki mpya kila mara. Alikuwa na bendi ile ile kila usiku, kwa hiyo wazo lililomjia mchana aliweza kulisikia jioni.

Hapo ndipo alipojifunza kuwasoma watu wake. Bubber Miley kwenye tarumbeta na Joe Nanton kwenye tromboni walikuwa na ufundi wa kuifanya ala ingurume na kulia, wakifunika mdomo wake kwa kizibo cha mpira cha aina ile ya kuzibulia masinki. Kiongozi mwingine angeuchukulia ufundi huo kama kichekesho cha jukwaani. Ellington aliujengea nyimbo nzima.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mood Indigo ya mwaka 1930. Katika bendi za New Orleans ilizoeleka klarineti iwe juu, tarumbeta katikati na tromboni chini. Ellington aliupindua mpangilio huo. Tarumbeta ya Arthur Whetsel, iliyozibwa, inaongoza juu. Tromboni ya Nanton, nayo imezibwa, inapanda hadi karibu kuigusa. Kisha mbali kabisa chini inasikika klarineti ya Barney Bigard katika sauti zake nzito. Ala ni tatu tu, lakini zinatoa sauti ambayo hakuna hata moja kati yake ingeitoa peke yake, wala wapigaji wengine watatu wasingeitoa hivyo. Kwenye karatasi zake za muziki Ellington mara nyingi aliandika jina la mtu badala ya ala, kwa sababu alikuwa anamtungia mpigaji fulani wa bendi yake: Johnny Hodges, Harry Carney au Cootie Williams.

Concerto for Cootie ya mwaka 1940 inaonyesha nguvu ya njia hiyo na hatari yake kwa pamoja. Kila kitu ambacho Cootie Williams aliweza kukifanya kwa tarumbeta kimo humo: mlio uliozibwa, mngurumo, na sauti wazi inayomiminika mwishoni. Ni kazi kamili, kwa maoni yangu mojawapo ya dakika tatu bora kabisa zilizowahi kurekodiwa katika jazi. Kabla mwaka huo haujaisha Williams aliondoka kwenda kwa Benny Goodman, akarudi mwaka 1962. Ellington alifanya alichokifanya daima mtu anapoondoka. Hakutafuta nakala yake. Alimchukua Ray Nance, mtu wa namna nyingine kabisa, akaanza kuandika muziki mwingine.

William Basie alifika kwa njia nyingine. Alizaliwa Red Bank, New Jersey, mwaka 1904, akajifunza piano ya Harlem, ile ambayo mkono wa kushoto unaruka bila kupumzika, na Fats Waller akamwonyesha kinanda cha ogani. Miaka ya 1920 alizunguka na vikundi vya maonyesho, hadi kimojawapo kilipovunjika na kumwacha Kansas City bila kazi. Mji huo ulitawaliwa kisiasa na Tom Pendergast, na chini ya mkono wake vilabu vilikesha hata wakati wa marufuku ya pombe. Wanamuziki walipiga kwa saa nyingi mfululizo, na baada ya kazi walikwenda klabu nyingine kushindana hadi asubuhi. Basie alipitia bendi ya Walter Page, kisha ya Bennie Moten. Moten alipofariki mwaka 1935, Basie alikusanya baadhi ya watu wake na kuanza kupiga Reno Club.

Muziki wao haukuandikwa. Mmoja alianzisha kipande kifupi, wenzake wa tarumbeta wakakidaka, wa saksafoni wakajibu kwa kingine, na baada ya wiki chache wimbo ulikuwa umekaa vichwani mwa wote. Aliyeingia bendi alilazimika kuusikiliza mpaka aujue. Mapema mwaka 1936 John Hammond, tajiri kijana mpenzi wa jazi, aliisikia bendi hiyo kwenye redio ya gari akiwa Chicago, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa njiani kuelekea mashariki.

Ala nne za mapigo ndizo zilizoifanya bendi hiyo iwe ya pekee. Walter Page alitembeza besi kwa mapigo manne yaliyolingana. Jo Jones aliupandisha moyo wa mapigo kutoka ngoma kubwa ya miguuni hadi matoazi, na muziki mzima ukawa mwepesi kana kwamba umeinuliwa kutoka sakafuni. Freddie Green, aliyejiunga mwaka 1937, alipiga gitaa la ridhimu bila umeme, akordi moja kwa kila pigo, kwa ulaini ambao mtu hauoni mpaka uondolewe. Na Basie mwenyewe, aliyefundishwa kujaza kila pengo, aliacha kujaza. Aliuliza kwa noti mbili tatu upande wa kulia wa piano, kisha akasubiri. Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi kidogo kwa sababu Page na Green walikuwa wamekwisha kuifanya.

Huu ni uvumbuzi mkubwa, na nadhani umepewa sifa pungufu kwa kuwa haukuandikwa kwa nota. Wengi wakisikia neno mtunzi humfikiria mtu aliyeinamia karatasi. Lakini kuamua kwamba ala nne zitagawana pigo moja hivi na si vile, na kuamua kwamba piano itanyamaza, ni utunzi. Juu ya sakafu hiyo Lester Young, mpigaji wa bendi hiyo, aliweza kupiga saksafoni yake ya tenor kwa mistari mirefu na myepesi, akitangulia kidogo au akichelewa kidogo, bila hofu ya kuanguka. Vijana walioibadili jazi miaka ya 1940 walimsikiliza Young kwa makini sana.

Kuhusu umiliki, hakuna kati yao aliye safi kabisa. Nyimbo kadhaa za Ellington zilianzia kwenye vipande ambavyo wapigaji wake walivibuni wakijipasha moto, na si kila mara majina yao yalionekana kwenye lebo. Meneja wake, Irving Mills, aliweka jina lake kwenye tungo nyingi na kuchukua sehemu ya mapato. One O'Clock Jump ya mwaka 1937, wimbo uliokuwa utambulisho wa Basie, ulijengwa na wengi, akiwamo Buster Smith na Eddie Durham, lakini ukasajiliwa kwa jina la kiongozi. Basie naye aliumizwa. Mkataba wake wa kwanza na kampuni ya Decca ulimlipa dola 750 kwa nyimbo 24, bila mrabaha wowote, na ndani ya hizo 24 zilikuwamo zile zilizompa umaarufu.

Tofauti hiyo ya mirabaha ilikuja kuamua mambo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumbi za dansi zilipungua, waimbaji wakawafunika viongozi wa bendi, na mishahara ya watu kumi na sita ikawa mzigo usiobebeka. Mwaka 1950 Basie alilazimika kuivunja bendi yake na kubaki na kikundi kidogo. Ellington hakuvunja yake. Fedha zilizotokana na nyimbo zake alizimwaga kwenye mishahara, mwaka hadi mwaka, kwa sababu bila Johnny Hodges na Harry Carney mbele yake hakuwa na chombo cha kusikia alichokiwaza. Hata hivyo mwaka 1951 Hodges mwenyewe aliondoka pamoja na Lawrence Brown na mpiga dramu Sonny Greer, na miaka iliyofuata ilikuwa dhaifu. Kufikia mwaka 1955 wapo waliodhani habari yake imekwisha.

Kilichofuata katika muongo huo kinavunja mgawanyo ule wa mtunzi na bwana wa mapigo, nami nakiona kuwa kiini cha ulinganisho wote. Kila mmoja aliokolewa na njia ya mwenzake.

Basie alirudi mwaka 1952 na bendi mpya, na safari hii kila kitu kilikuwa kwenye karatasi. Neal Hefti, Ernie Wilkins, Frank Foster, Thad Jones na baadaye Quincy Jones walimwandikia. Mwaka 1955 April in Paris, kwa mpangilio wa Wild Bill Davis, ulivuma pamoja na mwisho wake wa uongo unaorudiwa, na sauti ya mwimbaji Joe Williams ikairudisha bendi kwa watu wa kawaida. Santuri ya The Atomic Mr. Basie, iliyorekodiwa Oktoba 1957, iliandikwa yote na Hefti. Inasimuliwa kwamba Li'l Darlin' iliyomo humo Hefti aliitaka iende kwa kasi, na Basie ndiye aliyeipunguza hadi ikawa ule mwendo wa polepole tunaoujua leo. Bendi ya kwanza ilikuwa ya wapigaji wa solo wasiofanana na mtu yeyote. Hii ya pili ilikuwa ya waandishi, na Basie alikuwa mhariri wao mkuu. Wapo wanaoidharau kwa kuiona imenyooshwa mno. Siafikiani nao. Kuwafanya watu kumi na sita wapige kwa sauti ya chini kabisa bila mapigo kulegea, kisha walipuke kwa pamoja, ni ufundi unaotosha kuwa sanaa.

Na Ellington je? Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, alitoa wimbo wake wa mwaka 1937, Diminuendo and Crescendo in Blue, wenye sehemu mbili na pengo katikati. Pengo hilo alimkabidhi Paul Gonsalves wa saksafoni ya tenor, ambaye alipiga mizunguko 27 ya bluzi, nyuma yake kukiwa na besi ya Jimmy Woode, dramu za Sam Woodyard na Ellington akimhimiza. Watu waliacha viti, wengine wakasimama juu yake, wakacheza. Kando ya jukwaa alikuwapo Jo Jones, mpiga dramu wa zamani wa Basie, akipiga mapigo kwa gazeti lililokunjwa. Na Gonsalves mwenyewe, kabla ya kuja kwa Ellington, alikuwa amepita katika bendi ya Basie. Usiku ule bwana wa rangi na mpangilio aliokolewa na bluzi moja, mapigo yasiyoyumba na mpigaji mmoja asiyetaka kuacha, yaani Kansas City tupu. Mwezi uliofuata picha yake ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Time.

Santuri iliyouzwa kama rekodi ya usiku ule ilikuwa kwa sehemu kubwa imepigwa upya studio, na makofi yakaongezwa. Isitoshe, Gonsalves alikuwa amepiga mbele ya maikrofoni ya Voice of America badala ya ile ya Columbia. Kanda ya redio hiyo ilipatikana baadaye, na mwaka 1999 ilitolewa rekodi kamili. Atakayetaka kujua kilichotokea Newport aitafute hiyo.

Ellington alikuwa na njaa ambayo Basie hakuwa nayo. Januari 1943 alipeleka kwenye ukumbi wa Carnegie Hall kazi ya karibu dakika 45, Black, Brown and Beige, historia ya Wamarekani weusi kwa muziki. Wahakiki waliipokea vibaya. Kweli sehemu zake za kuunganisha zimelegea, lakini vipande vyake vikuu vina uzito ambao wahakiki hao hawakuusikia. Baada ya maonyesho machache aliikatakata, na jeraha hilo halikupona upesi. Mwaka 1965 jopo la muziki la tuzo ya Pulitzer lilipendekeza apewe heshima maalumu, bodi ikakataa. Alijibu kwa upole kwamba majaliwa hayakutaka awe maarufu mno angali kijana. Alikuwa na miaka 66. Heshima hiyo ilitolewa mwaka 1999, miaka 25 baada ya kifo chake. Hakuacha kutunga kwa sababu ya kukataliwa: aliandika muziki wa filamu, matamasha matatu ya ibada, na Far East Suite iliyotokana na safari ya mwaka 1963 iliyomfikisha Damascus, Kabul na Tehran. Alipiga Dakar kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mwaka 1966, na Novemba 1973, akiwa tayari mgonjwa, alifika Addis Ababa na Lusaka.

Sehemu ya kazi hiyo kubwa ni ya Billy Strayhorn, aliyejiunga mwaka 1939 na kubaki hadi alipofariki mwaka 1967. Yeye ndiye mtunzi wa Take the "A" Train, wimbo uliokuja kuwa utambulisho wa bendi mwaka 1941, vituo vya redio vilipokuwa katika ugomvi na chama cha watunzi na kukataa nyimbo za Ellington. Kwa miaka mingi watu hawakujua mkono wa nani uliandika nini. Taasisi ya Smithsonian iliponunua hazina ya karatasi za Ellington mwaka 1988, na mtafiti Walter van de Leur alipoichunguza miswada mmoja mmoja, ilidhihirika kuwa Strayhorn alikuwa na sauti yake mwenyewe. Hilo halimpunguzii Ellington kitu. Ila linatulazimu kulitaja jina la Strayhorn kila tunapozungumzia bendi ile baada ya mwaka 1939.

Ellington alifariki Mei 1974. Harry Carney, aliyekuwa naye tangu 1927, alimfuata Oktoba mwaka huo huo. Mercer, mtoto wa Ellington, aliiendesha bendi kwa juhudi za kweli, lakini kiini chake kilikuwa kimeondoka na wenyewe. Basie alifariki Aprili 1984, na Freddie Green akaendelea kupiga akordi zake nne katika bendi ile ile hadi kifo chake mwaka 1987. Thad Jones aliiongoza, kisha Frank Foster, na tangu 2013 anaiongoza Scotty Barnhart. Mwaka 2024 ilitwaa tuzo ya Grammy kwa Basie Swings the Blues, miaka 40 baada ya mwenye jina kuzikwa. Bendi za shule na vyuo vya Marekani zinaanzia kwake, mara nyingi kwa kazi za mwandishi Sammy Nestico, kwa sababu anachofundisha kinafundishika: sikilizeni besi, pumueni pamoja, msijaze kila nafasi.

Ellington naye anafundishwa. Jazz at Lincoln Center imekuwa ikigawa nakala za muziki wake kwa shule tangu miaka ya 1990 na kuzishindanisha. Nawasifu wanaofanya kazi hiyo, na vijana wengi wanapiga kwa ustadi. Lakini mtoto wa miaka 16 anayepewa sehemu ya Hodges amepewa noti tu, na Hodges hayumo ndani yake. Warithi wa kweli wa Ellington nadhani tuwatafute mahali pengine. Charles Mingus alipita katika bendi yake mwaka 1953 na kufukuzwa upesi baada ya ugomvi na mpigaji mwenzake Juan Tizol, lakini alielewa somo kuliko wote. Alikusanya watu wake mwenyewe, akina Eric Dolphy, Jimmy Knepper na Dannie Richmond, akawaandikia kwa kadiri ya walivyokuwa, na kwenye Mingus Ah Um ya mwaka 1959 akaweka wimbo unaomtaja Duke waziwazi.

Nikilazimishwa kuchagua, namchagua Ellington, kwa upana wa alichokisikia na kwa miaka karibu hamsini ya kutorudia alichokwisha kukiweza. Ila huyo ndiye aliye mgumu kumwanzia. Anayeanza aanze na Basie wa mwaka 1938, Jumpin' at the Woodside, aisikilize mara mbili akifuata besi ya Page peke yake. Kisha aende kwa Ellington wa mwaka 1940, kwenye Ko-Ko na Cotton Tail, ambako besi ya kijana Jimmy Blanton inamwongoza Ben Webster, mtu wa Kansas City aliyekuwa amepita bendi ya Moten kabla ya Duke kumchukua.